Yaliyojiri idara ya isimu wiki hii (ni mimi tena, yule wa steshenari nje ya geti)

Fundi Kopi (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku, poleni na mvua.

Kwa wageni wa uzi, mimi sio mwalimu wala mwanafunzi. Nina steshenari yangu nje ya geti la chuo kimoja hapa Mtwara mjini, natoa kopi, naprinti, nafunga spairo, lamineti pia ipo. Idara ya isimu, wale wanaochunguza lugha, ndo wateja wangu wakubwa mana printa yao ya ofisini ni mgonjwa wa siku zote, leo karatasi imekwama kesho wino umekauka, kwa hiyo vitu vyao vyote vinapita mezani kwangu, madesa, testi, ajenda za vikao mpaka barua za likizo. Na mimi nasoma. Msiniite mmbea, printa ikiwa inatema kurasa 80 na nje mvua inanyesha we ungefanya nini.

Wiki hii ilikuwa nzito kwa sababu jumamosi ni tarehe 21 Februari, Siku ya Lugha Mama, na idara iliamua safari hii ifanye kitu cha maana sio kuvaa khanga na kupiga picha tu. Nitaenda siku kwa siku.

JUMATATU. Kikao cha idara. Ajenda niliiprinti mimi, mambo manne: ratiba ya testi, projekta, nani anasimamia utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa tatu, na Siku ya Lugha Mama. Nilivosimuliwa na dada wa ofisini, projekta peke yake ilikula saa nzima. Iko moja, madarasa manne, na kila mwalimu ana sababu yake. Wa fonetiki anasema bila picha ya koo na ulimi hawezi kufundisha, wa sintaksia, ile ya muundo wa sentensi, anasema matawi ya sentensi yakichorwa kwa chaki kipindi kinaisha hajafika kwenye kitenzi. Mwishowe kapewa wa fonetiki, wa sintaksia kanunuliwa boksi la chaki za rangi. Sio utani, risiti ya chaki nimeitoa kopi mimi.

Ile ajenda ya nne ndo ikaja kunigusa mimi binafsi, ila subirini kwanza.

korosho_mbichi

Kumbe testi zinapita kwako mkuu?? Njoo inbox tuongee kama watu wazima

Fundi Kopi

Sahau. Testi mwalimu anakuja nayo kwenye flashi, anasimama hapohapo mpaka karatasi ya mwisho itoke, na zile zilizoharibika anakunja anaweka mfukoni. Ningekuwa nauza testi ningekuwa na printa ya rangi saa hizi.

Ila kuna zoezi wiki hii nimeharibu, naomba mnihukumu taratibu.

JUMANNE. Mwalimu wa fonolojia, ile ya mpangilio wa sauti za lugha, mzee mmoja mpole mtu wa Bukoba, alileta desa na zoezi la toni, yani sauti kupanda na kushuka, la Kimakonde kwa ajili ya mwaka wa pili. Alikuwa na haraka, kaniachia faili la kawaida, kaniambia toa kopi 60. Nikatoa. Sasa kule kwenye Kimakonde kuna zile m na n zinazosimama zenyewe kama silabi, alafu juu yake inawekwa alama ya toni, kwenda juu au kushuka. Kompyuta yangu haina hizo herufi. Badala ya m yenye alama ikatoka m na kisanduku pembeni. Kurasa nne zote zimejaa visanduku. Mimi nikaona nikajua ndo isimu yenyewe! Nishaona mambo mengi kule, kuna herufi zimepinduliwa kichwa chini, kuna e imegeuka nyuma, kuna moja kama ndoano, sasa kisanduku kitanishtua mimi?

Wanafunzi nao hawakuuliza. Swali la kwanza lilisema "Eleza mabadiliko ya toni katika data ifuatayo". Aisee watu wameeleza. Kuna mmoja kaandika kwamba toni kisanduku inatokea kabla ya konsonanti, na kaweka na kanuni yake.

Mzee kaja dukani saa nane na karatasi mkononi. Nikajua leo nafokewa mbele za wateja. Hakufoka, kavuta stuli, kakaa kwenye kompyuta yangu, kaniambia njoo uone. Kumbe ni fonti tu. Kaingia kwenye mtandao kashusha moja inaitwa Charis SIL, ya bure kabisa, imetengenezwa maalumu kwa lugha zenye alama kama hizo, kaiweka, kafungua faili upya na visanduku vyote vikageuka herufi. Akanifundisha na kwamba mtu akikuletea kazi ya namna hii mwambie alete PDF, fonti zinakuwa zimebebwa humohumo ndani. Kopi 60 nimerudia kwa hela yangu. Ile kanuni ya kisanduku wameibandika ukutani ofisini kwao, jina la mwanafunzi wamelifuta na kalamu.

Ligula Moja

Toni kisanduku 😂😂😂 huyo kijana apewe alama zake, kwanza kajitahidi kufikiri

Mama Chuno

Naomba kuuliza jamani, hivi isimu ya Kimakonde inamsaidia nani? Mtoto anakwenda chuo miaka mitatu, mkopo wa serikali, anarudi anakwambia toni. Hizi si lahaja tu za Kiswahili?

isimu kavu

Mama Chuno shikamoo. Hapana, sio lahaja. Lahaja ya Kiswahili ni kama Kimgao cha pwani yetu hii, au Kiunguja, Kimvita, Kiamu. Kimakonde ni lugha nyingine, ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu lakini mlango mwingine. Guthrie, mtaalamu wa isimu, alivozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba Kiswahili kaweka G40, sisi wa kusini katuweka P: Kimatumbi P13, Kiyao P21, Kimwera P22, Kimakonde P23, Kimakhuwa P31. Zile herufi ni kanda za ramani zaidi kuliko ukoo, ila hata ukiacha namba, mchukue mtu wa Unguja umuweke Kitangari kwenye kilabu cha uraka uone kama ataelewa neno.

Fundi Kopi

Mama Chuno shikamoo, hata mimi nilikuwa na swali kama lako, nikajibiwa na karatasi moja ya JUMATANO.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti wa Masasi, kaleta bango la kuprinti A3 kwa ajili ya jumamosi. Juu kaandika neno moja, mtu, alafu chini:

Kiswahili: mtu, watu
Chiyao: mundu, wandu
Chimakonde: munu, vanu
Emakhuwa: mutthu, atthu

Nikamwambia dada hapo kwenye tth umerudia t kimakosa nikusahihishie? Akaniangalia kama mtoto. Akanieleza kwamba zamani huko neno lilikuwa na nt katikati, kama muntu. Wayao wakaifanya nd. Sisi Wamakonde tukaitupa t tukabaki na n. Wamakhuwa wakafanya kinyume, wakaitupa n wakabaki na t yenye pumzi, ndo anaandika tth. Na Kiswahili nacho kiliitupa n. Yani kaka, kaniambia, ukimsikia bibi yako anasema munu usidhani kaharibu neno la Kiswahili, wote wanne wamerithi kwa mtu mmoja kila mmoja kabaki na kipande chake.

Hapo nikakaa kimya kidogo. Mana mimi shule ya msingi niliyosoma, kijijini kwetu juu kule Newala, ukiongea Kimakonde unavalishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzio umvalishe yeye. Mwaka 2005 nilikuwa darasa la nne na kibao nakijua uzito wake. Sasa kwenye ukurasa wa mwisho wa desa la yule mzee nikaona kitabu, sarufi ya Kimakonde, lahaja ya Chinnima, imetoka chuo kikuu cha Leiden huko Uholanzi, mwandishi Peter Kraal, mwaka 2005. Huohuo! Mzungu anapewa shahada ya udaktari kwa kitu ambacho mimi nilikuwa nachapwa.

Mmakhuwa Halisi

Binti wa Masasi kaeleza sawasawa, na muongezee hii, Kimakhuwa chetu hatuna kabisa b, d wala g, na mb, nd, ng pia hatuna. Tuna p t k mbili mbili, moja ya kawaida na moja yenye pumzi, na ukikosea pumzi umetaja kitu kingine. Ndo mana wazee wetu wakiongea Kiswahili mnawacheka, mnadhani hawajasoma, kumbe anatafuta sauti ambayo kwao haipo. Na msidhani kuandikwa kumeanza juzi, kitabu cha Kimakhuwa cha Chauncy Maples, mmisionari aliyekaa Masasi, ni cha 1879.

Mzee wa Mingoyo

Vijana mnanifurahisha. Mimi ni Mmwera wa Lindi, sarufi yetu iliandikwa na padri Lyndon Harries ikatoka 1950, niliwahi kuiona kwa mwalimu mmoja marehemu. Na huko Newala kwenu Mjerumani Karl Weule alipita 1906 na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, anawaimbisha wazee wa wakati huo. Kwa hiyo kurekodiwa mlisharekodiwa zamani, ila rekodi hamkuachiwa. Endelea kijana, hiyo ajenda ya nne ikoje?

Fundi Kopi

Shikamoo mzee. Ndo naifikia.

Ajenda ya nne ilisema idara itarekodi wazungumzaji wazee wa lugha za mikoa hii miwili, na wa kwanza awe wa Kimakonde. Dada wa ofisini akawaambia si yule kaka wa steshenari ni wa Newala. Yule mzee wa fonolojia kaja kuniuliza, una bibi? Nikasema ninaye, yuko hai, na anaongea kuliko redio. Tukakubaliana aje ALHAMISI, nauli kwa idara.

Alhamisi bibi hajafika. Huku chini lami, ukishapita Mnivata mvua hizi kuna sehemu ni matope na matengenezo, gari limelala njiani. Mzee kishaandaa kila kitu, chumba, kinasa sauti, fomu ya ridhaa, wanafunzi sita wamekaa na madaftari. Akaniambia basi njoo wewe. Nikamwambia mwalimu mimi Kimakonde changu cha kuombea chakula. Akasema hichohicho.

Nimekaa mbele ya maiki. Ananiuliza, maji? Nikasema medi. Anasema rudia. Medi. Anasema hapana, usinisomee kama orodha ya bei, umetoka shamba, jua kali, mama yako kakaa na ndoo, muombe. Nikafumba macho kabisa wakuu. Ikatoka meedi, e imejivuta yenyewe bila mimi kuiambia. Wale wanafunzi wote wakainama kuandika. Akasema sawa, sasa sema "maji haya" kwa Kimakonde bila kupumua katikati. Nikasema, na ile e ikawa fupi! Mvuto umeruka wote umehamia kwenye lile neno la "haya". Nikarudia mara nne, mara zote hivohivo.

Akanieleza kwamba Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kimakonde wanaivuta, ila sio ya kila neno, ni ya kipande kizima. Maneno yakishikana pamoja anayevutwa ni wa mwisho tu. Kwa hiyo ukisikiliza mvuto unajua mtu kafunga wapi kipande chake. Nina miaka zaidi ya thelathini nafanya hicho kitu na sijawahi kukisikia. Nimerudi dukani mteja anasema "nipe bahasha mbili" na mimi nasikiliza silabi.

Zaidi ya hapo nilichemka. Maneno mia aliyonipa nimejua kama arobaini, mengine nikawa namtupia Kiswahili nimekipaka chi- mbele. Anaandika tu, anatabasamu, pembeni naona anaweka alama ya kuuliza.

korosho_mbichi

Kupaka chi- mbele 😂 mkuu umetutia aibu kanda nzima

Ligula Moja

Bibi kafika au hakufika? Usituache njiani kama hilo gari

Fundi Kopi

Kafika IJUMAA saa tatu asubuhi, khanga mbili, viatu mkononi, na mfuko wa korosho kabangua mwenyewe. Wanafunzi wote shikamoo bibi, shikamoo bibi, na yule mzee wa Bukoba naye kainama kaamkia. Bibi akauliza huyu mkubwa ndo mwalimu wao? Mbona anaamkia vizuri.

Fomu ya ridhaa kasomewa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Pale penye "sauti yako itahifadhiwa" akasimamisha. Itahifadhiwa wapi? Kwenye kompyuta bibi, na nakala nyingine tofauti. Na mkiipoteza mtanilipa? Kimya. Mzee akasema bibi tukiipoteza tutakuja Newala kuirekodi upya na kuku tutanunua sisi. Akaweka dole gumba.

Tukaanza na neno lilelile. Maji? Mimi najua jibu ni neno moja. Bibi kavuta pumzi, kasema meedi, alafu hakuishia hapo. Akaanza kueleza walivokuwa wanateremka bondeni kutafuta maji, mana kule juu kwetu uwanda ni mkavu, mchanga unanywa mvua yote, mabomba yalikuwa hayajafika bado, wanatoka usiku wanawake kwa mstari na vibuyu vichwani, wa mbele na wa nyuma ni wale wakubwa, katikati mabinti, wanaimba ili chui asikie ni watu wengi. Wanafika wanasubiri kisima kijikusanye, wanachota kwa kata, wanapanda mlima na jua linachomoza. Kisha ndo apike. Alikuwa anaongea na mikono inateka, kabisa, mpaka mwanafunzi mmoja kasogeza maiki asiipige. Dakika arobaini na tatu kwa neno moja la orodha. Mzee hakumkatiza hata mara moja, maneno tisini na tisa mengine kayaacha. Baadae kaniambia orodha mtu yeyote anajaza, hii haijazwi.

Nami nilikuwa pale pembeni namtafsiria nusunusu, na kila nikikosea anageuka ananisahihisha palepale kwenye rekodi. Kwa hiyo na makosa yangu yamehifadhiwa, na nakala nyingine tofauti.

JUMAMOSI ilikuwa sherehe, sina mengi. Hotuba zilikuwa ndefu. Kuna kijana mmoja wa historia ya lugha alieleza vizuri kwa nini tarehe hii, kwamba 1952 huko Dhaka wanafunzi walipigwa risasi wakidai lugha yao ya Kibengali itambuliwe, na UNESCO wakaitangaza siku hii mwaka 1999. Bango la mtu, munu, mundu, mutthu lilipigwa picha kuliko mgeni rasmi. Maandazi yaliisha mapema.

Mama Chuno

Haya mwanangu nimekuelewa, hapo kwenye vibuyu umenikumbusha mama yangu. Na hizo dakika arobaini wanazifanyia nini sasa?

Fundi Kopi

Ndo kazi niliyopewa usiku huu mama, na safari hii nalipwa. Naandika kila neno la bibi. Wameniwekea programu inaitwa ELAN, ya bure nayo, imetengenezwa na taasisi ya Max Planck kule Nijmegen. Unaona mawimbi ya sauti, unakata kipande, chini yake unaandika Kimakonde, chini yake tena Kiswahili. Wamenisisitiza faili libaki WAV, nisije nikaligeuza MP3 kupunguza ukubwa, mana ile inatupa sehemu ya sauti na wao ndo wanaitafuta hiyohiyo.

Nimeanza saa moja, saa hizi saa sita nipo dakika ya kumi na moja. Bibi kalala chumba cha pili, kesho asubuhi anapanda gari. Na hapa dakika ya kumi na moja nimekwama, kuna neno fupi, silabi moja, linakuja baada tu ya "kisima". Nimelisikiliza kama mara ishirini. Wa Newala mliopo nitawaandikia lilivo, ni kama "kpa" hivi, toni iko juu. Nimeliwekea na alama.

isimu kavu

kp kwenye Kimakonde? Hiyo itakuwa mpya mkuu, usiifute, mwite mzee jumatatu. Ila hakikisha kwanza na mwenyewe.

Mzee wa Mingoyo

Muulize bibi yako asubuhi, usimuamshe.

Fundi Kopi

Wakuu asubuhi njema. Nimemuwekea spika asikilize kabla hajaondoka. Kasikiliza mara mbili, kacheka mpaka kakaa chini.

Alikuwa anapasua korosho na meno.